Siku Baba Alipomzuia Dada Njiani

Baba yangu hakuutafuta uenyekiti wa kijiji. Alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo huku Handeni, na nyumba yetu ilikaa peke yake juu ya kilima chenye udongo mwekundu. Ukitaka moto kwa jirani, ulirudi ukakuta jua limeshahama upande.

Zilipokuja habari kwamba watu wote watahamia vijiji vya ujamaa, wazee wengine walisema hawaondoki kwenye makaburi ya baba zao. Baba aliwasikiliza siku mbili. Siku ya tatu aliwaita akawaambia, "Malori yatakuja, tutake tusitake. Tukingoja, watatushusha popote penye nafasi. Tukitangulia, tutachagua wenyewe mahali penye maji." Akawaongoza hadi kando ya lambo la zamani, karibu na barabara ya Korogwe. Malori yalipofika yalitukuta tumeshasimamisha nguzo za nyumba, na nyumba zenyewe zimepangwa mistari kama walivyotaka wakubwa. Watu wakamchagua yeye, kwa sababu aliwaepusha na mabaya zaidi. Ndivyo alivyokuwa. Hakuuliza lipi linapendeza. Aliuliza lipi litawaacha watu wengi hai.

Mama alihama akinung'unika. Hame letu, ile nyumba tuliyoiacha, lilionekana kutoka kijijini, kuta zimesimama, nusu ya paa imeondolewa kwa ajili ya nyumba mpya. Asubuhi nyingi nilimkuta amesimama na ufagio mkononi, akiangalia kule.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Baba alisoma kwa shida, kwa hiyo nikawa macho yake na mkono wake. Barua za kata nilimsomea mimi, majibu niliandika mimi, yeye akagonga mhuri. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Kipindupindu kilitufikia kwanza kama maneno. Watu wa malori walisema kambi za mkonge huko chini, upande wa Mto Pangani, zinazika kila siku. Kisha akaja bwana afya, mtu mwembamba mwenye pikipiki iliyojaa vumbi. Alikaa na baba barazani akaeleza jinsi ugonjwa unavyokwenda: mtu anaharisha maji kama ya kuoshea mchele, anatapika, anakauka, na jioni ile ile anaweza kufa. Akauliza, "Maji mnachota wapi?"

Baba akaonyesha lambo kwa kidole.

"Kijiji kizima?"

"Kijiji kizima."

Bwana afya alisimama. Alitazama ile mistari ya nyumba, na baba naye akaitazama. Nadhani hapo ndipo baba alipoelewa. Zamani, kila mtu kwenye kilima chake, ugonjwa ungeua nyumba moja ukachoka njiani. Sasa alikuwa amewakusanya wote mahali pamoja, kwa maneno yake mwenyewe, kuzunguka maji mamoja.

Siku hiyo hiyo niliandika amri, baba akiitamka na mimi nikiinakili kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Hakuna mtu kuingia kijijini kutoka upande wa Korogwe mpaka karantini iondolewe. Hakuna mgeni, hakuna mwenyeji aliyekuwa safarini, hakuna ndugu wa mtu yeyote. Nilipofika kwenye neno "yeyote" baba alisema, "Lipigie mstari." Kamba nene ya katani ikafungwa kukatiza barabara, chini kidogo ya hame letu, hame likibaki upande wa nje, na binamu yake baba, aliyekuwa mgambo, akawekwa hapo na rungu.

Bwana afya alimwachia baba kopo dogo la vidonge. "Hivi ni vya mgonjwa wa kwanza atakayeanguka ndani ya kijiji," alisema. "Vikianza kazi mapema, tunaweza kuuzuia hapo hapo. Sina vingine vya kuwaletea." Baba akaliweka kopo pamoja na mhuri.

Wa kwanza kurudishwa alikuwa mtoto wa jirani yetu, mzee mmoja mrina asali. Kijana huyo alikuwa kibarua wa kukata mkonge, akaja na kibegi chake begani. Baba alimzuia. Kijana alilia kama mtoto mdogo, akasema haumwi popote. Baba akamwambia arudi alikotoka au aende kokote, lakini hapa hapiti. Mrina asali alisimama upande wetu wa kamba, akamtazama mwanawe akishuka barabara mpaka akapotea kwenye kona. Hakumtukana baba. Alirudi nyumbani kwake na hakutoka siku nzima.

Siku chache baadaye ikaja barua ya dada yangu.

Dada alinizidi miaka sita. Alikuwa ameolewa na mkata mkonge, kijana mpole ambaye wazazi wake walitoka kusini zamani kufuata kazi za mashamba, na waliishi kambini chini ya Korogwe. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea. Barua aliileta dereva wa lori, akamrushia mgambo kutoka dirishani. Dada aliandika kwamba majirani wake wawili wamekufa, kwamba mume wake ameanza kulalamika tumbo, na kwamba anataka kumleta mtoto nyumbani.

Nilimsomea baba peke yake. Mama alikuwa shambani. Baba akasema, "Andika. Mwanangu, usije. Njia imefungwa. Chemsha maji, usinywe ya mtoni, usiguse vyombo vya wagonjwa. Ukija nitakurudisha, na sitaki kukurudisha. Mimi baba yako." Akaniambia nimpe bwana afya, aliyekuja kukagua akaishia kwenye kamba na alikuwa anarudi Korogwe mchana ule, na mama nisimwambie.

Sikumpa bwana afya barua ile. Nilikwenda nayo mpaka ilipokuwa pikipiki yake, nikasimama, nikarudi nayo ndani ya kanga. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita na nilimpenda dada yangu. Niliwaza kwamba akifika, baba akimwona kwa macho yake, na mtoto mgongoni, hataweza. Nilimjua baba wa nyumbani kuliko nilivyomjua mwenyekiti. Nilichana karatasi ile vipande vidogo nikaitia kwenye moto wa jikoni, na baba aliponiuliza nikasema, "Nimempa."

Siku ya tano, jua la saa saba, mgambo alipiga filimbi. Tulipofika kwenye kamba dada alikuwa amesimama ng'ambo, viatu mkononi, miguu imevimba na vumbi mpaka magotini. Mtoto alikuwa amelala mgongoni.

"Shikamoo baba," alisema.

Baba aliposema "Marahaba," sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mume wangu tumemzika juzi," dada akasema. "Nimetembea. Magari hayachukui watu wa kambini."

Mama aliitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, akakimbilia kamba. Baba alimshika mkono. Watu walikuwa wanazidi kuja nyuma yetu.

"Nilikuandikia usije," baba akasema.

"Barua gani, baba? Sikupata barua."

Baba akageuza shingo akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu, lakini alijua. Mama akauliza, "Barua gani?" Na baba, ambaye hakuwa na desturi ya kusema uongo hata kwa watoto, akasema, "Niliandika ikapotea njiani." Hapo akawa amenikinga mimi, wakati mwanawe mwingine amesimama mbele yake juani.

Ndipo mrina asali alipojipenyeza mbele. Nilifikiri atasema, "Wangu ulimfukuza, na huyu mfukuze." Hakusema hivyo. Alisema, "Mwenyekiti, mimi nina haki ya kukuzuia, na nakuachia. Mbele ya watu wote hawa. Mpitishe mtoto wako."

Nikasikia watu wakivuta pumzi. Mwanamke mmoja akasema, "Ndiyo, mpitishe." Mwingine akasema, "Na sisi je?" Baba aliangalia chini, akaliangalia lambo, akamwangalia yule mtoto aliyelala. Kilichokuwa kinamsaidia kusimama ilikuwa haki, kwamba alilomfanyia jirani ndilo analojifanyia. Sasa jirani alikuwa amemwondolea hata hilo.

"Mzee wangu, ahsante," baba akasema. "Lakini ruhusa yako haiutoi ugonjwa kwake, kama anao." Kisha akamgeukia dada. "Mwanangu, huwezi kuingia. Nenda kwenye nyumba yetu ya zamani pale juu. Ina kuta. Nitakuletea chakula na maji mpaka bwana afya aseme uko salama."

Dada hakubishana. Alikuwa amechoka mno. Aliinamisha kichwa tu, kama alivyofanya alipokuwa mdogo na amekatazwa kitu.

Mama ndiye aliyenyoosha mgongo. Maisha yangu yote nilimsikia akimwita baba "baba watoto." Siku ile alisema, "Mwenyekiti, amri yako inakataza kuingia?"

"Ndiyo."

"Inakataza kutoka?"

Mimi ndiye niliyeiandika, na nilijua haikatazi.

Mama aliinama, akapita chini ya kamba. Alimfungua mtoto mgongoni kwa dada, akamfunga mgongoni kwake, akamshika dada kiuno, wakaanza kupanda kuelekea hame. Mgambo alimtazama baba akisubiri neno. Baba akasema, kwa shida, "Huyo naye hataingia tena mpaka ruhusa itoke." Halafu akakaa chini barabarani, kwenye vumbi, mbele ya watu aliokuwa anawaongoza.

Tulipanga hivi. Asubuhi na jioni baba na mimi tulipeleka maji yaliyochemshwa, uji, na kuni, tukaviweka kwenye jiwe lililokuwa katikati ya kamba na nyumba, tukarudi. Mama akashuka kuchukua. Siku ya kwanza alituambia kwa sauti kwamba wote wazima. Nilianza kujidanganya kwamba nilifanya vyema.

Siku ya pili mama hakushuka mapema. Alipokuja alikuwa ameloa mpaka tumboni, na alipaza sauti kutoka mbali. "Ameanza. Tangu alfajiri. Vyote vinatoka."

Baba alimtuma mgambo kwa baiskeli kwenda zahanati iliyo upande usio wa Korogwe. Jibu lilirudi kwamba gari lililopo limepeleka wagonjwa wengine upande wa pili wa wilaya, na halijulikani litarudi lini. Bwana afya alituma maneno: maji ya kuchemsha, chumvi, sukari, anyweshwe bila kukoma. Sukari haikuwepo hata dukani. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, na watu wale wale aliowafungia ndugu zao nje walinikung'utia makopo yao. Nilipata kikombe kimoja kisichojaa.

Adhuhuri nilimkuta baba ndani, kopo la vidonge mapajani. Alikuwa amelifungua. Alivihesabu, akavirudisha, akavimimina tena.

"Hivi ni vya kijiji," alisema, sijui kama alikuwa anasema na mimi. "Nikivitoa, kesho mtoto wa mtu akianguka humu ndani nitampa nini?"

"Baba, anakufa."

"Najua anakufa!" Alipiga kelele, na baba hakuwa mtu wa kelele. "Unadhani sijui?"

Nikapiga magoti. Nilimwambia barua niliichoma mimi, kwamba dada amekuja kwa sababu yangu, kwamba achukue vidonge na mimi nitabeba lawama yote. Alinitazama kwa macho mekundu. "Nyamaza," alisema. "Hilo usilitamke tena humu ndani. Wewe bado una maisha ya kuishi na mama yako."

Akainuka. Alitembea mpaka kwenye kamba, akaipita. Alikwenda mpaka kwenye jiwe, hakuzidi hapo. Aliweka kopo lote juu yake, akaita, akarudi, akanawa mikono kwa maji ya chokaa mpaka ngozi ikachunika. Alikuwa ametoa cha watu wote kwa ajili ya mtoto wake. Nilifurahi, kisha nikamwona uso, furaha ikaisha.

Dada alivitapika. Mama alijaribu tena na tena mpaka alipoona anavipoteza bure. Mtoto naye alianza kuharisha jioni, na mama akamgawia vipande vya vidonge vilivyobaki katika maji ya chumvi na sukari, kijiko kimoja kimoja. Dada alifariki asubuhi iliyofuata, ndani ya chumba alichozaliwa, pale ambapo paa lilikuwa limeondolewa. Mama alituambia baadaye kwamba alikuwa anaiona mbingu na aliuliza kama mvua itanyesha.

Nani achimbe kaburi? Atakayepita lile jiwe hatarudi mpaka siku za karantini zipite. Baba alisema atakwenda yeye, na wajumbe wakamkatalia, wakasema kijiji hakiwezi kukosa mwenyekiti wakati kama huu. Sikuwahi kumwona baba akiwaomba watu, lakini siku ile aliwaomba. Mrina asali alikuwa ameshachukua jembe lake. Alivuka bila kuaga, na mgambo akamfuata. Walichimba wawili. Mama alimwosha mwanawe peke yake.

Sisi tulijipanga safu upande wetu wa kamba. Baba alisimama mbele akaongoza swala. Kaburi lilikuwa pale juu tunaliona, watu wawili wamesimama na majembe, na mama amekaa kando amempakata mtoto. Baba alipofika takbira ya tatu sauti ilimkatika. Tulingoja. Mtu mmoja wa safu ya nyuma akaimalizia.

Mtoto alipona. Mama hakuugua hata kidogo. Kijijini hakuna aliyeugua, hata mmoja, na vijiji jirani viwili vilizika watu wengi. Karantini ilipoondolewa, kamba ikafunguliwa, watu walimshika baba mikono, wakasema amewaokoa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za mji mwingine.

Aliitisha mkutano. Alisimama akasema, "Vile vidonge mlivyoachiwa ninyi nilivitoa nikampa binti yangu. Kama mtu angeanguka humu, nisingekuwa na cha kumpa. Mchague mwingine." Watu wakaanza kuzungumza wote pamoja, na mwisho wakakataa kumwondoa. Nadhani alitaka sana waseme ndiyo.

Wiki kadhaa baada ya hapo, mtoto wa mrina asali alirudi. Alikuwa amepanda hadi Lutindi kwa watu wa mama yake, akalima huko vibarua akisubiri. Alikuwa amenenepa kidogo. Baba alipokutana naye barabarani alimshika mkono akashindwa kuuachia, mpaka kijana mwenyewe akaanza kuona haya.

Mama alirudi nyumbani na mjukuu. Alimpikia baba, alimfulia, alimwekea maji ya kuoga, lakini maneno yake yote yalipitia kwangu. "Mwambie baba yako chakula tayari." Baba akiwa amekaa hatua mbili kutoka pale alipo. Hilo lilidumu misimu miwili ya masika.

Mwaka wa tatu nilishindwa kubeba tena. Tulikuwa tunapura mahindi, mimi na mama. Nilimwambia habari ya barua yote, tangu kwenye pikipiki mpaka kwenye moto, na kwamba baba alijua tangu siku ile. Mama aliendelea kupura. Nilifikiri hakusikia. Halafu akaweka fimbo chini, akauliza, "Alijua akanyamaza?"

"Alijua."

"Akakubali nimchukie yeye."

Mama alikaa juu ya rundo la magunzi, akafunika uso kwa kanga. Mimi hakunipiga wala kunitukana, na hakuniambia amenisamehe. Mpaka leo sijui kama alinisamehe. Alipoinuka aliingia ndani, na nikamsikia akisema na baba mwenyewe. Maneno yenyewe sikuyasikia. Niliisikia sauti ya baba tu, akirudia, "Hapana, hapana, hapana," taratibu, kama mtu anayembembeleza mwingine, au anayejibembeleza mwenyewe.

Baba aliacha uenyekiti uchaguzi uliofuata. Hakugombea. Kila masika alilima lile shamba la kwenye hame, na mama alikwenda naye. Walilima kuzunguka kaburi bila kulikaribia sana kwa jembe. Mtoto wa dada alikua akiwafuata na kibuyu cha maji, na hakuna aliyemficha mama yake yuko wapi. Sasa ana watoto wake huko Hale. Mara moja aliniuliza kama babu alifanya sawa. Nilimwambia kijiji kizima kilipona. Akasema, "Hilo najua, mama mdogo. Nimekuuliza jingine."